Namna ya Kukaa Bure Wiki Mbili Kabla ya Kuvuna, na Bado Ukasifiwa

Ndugu yangu, umefika pazuri. Mmea wako wa bangi umesimama uani huko Ontario, Kanada, umejaa maua mpaka matawi yanalala, na harufu yake imeshavuka ua na kubisha hodi kwa jirani. Septemba inakwisha. Sheria iko upande wako: tangu 17 Oktoba 2018 serikali ya Kanada inaruhusu kaya moja kupanda hadi miche 4 kwa matumizi yake, na Ontario inakutaka uwe umetimiza miaka 19. Zimebaki wiki mbili uvune.

Hapo ndipo waganga wanapoanza kupanga foleni. Mmoja anakuambia uufungie mmea gizani siku tatu. Mwingine anakuletea msumari. Wa tatu ana kopo la molasi, wa nne ana ndoo ya barafu, na wa tano anaapa kwamba usipousuuza udongo kwa maji matupu, moshi wako utawakwangua wageni koo. Wote wanakutakia mema, na wote wanakupa kazi.

Mimi nakupa njia ya mkato: usifanye hata moja. Wiki hizi mbili ni za kulala. Ukizilala vizuri, mavuno yako yatakuwa sawa na ya yule aliyekesha, na mara nyingi yatayapita. Kisha utasifiwa kama mtu aliyetaabika. Nitakuonyesha hatua kwa hatua.

Neno moja kwanza kwa msomaji aliye Tanga au Kisumu: huko kupanda bangi ni jinai, hata mche mmoja ndani ya kopo. Soma kwa faida ya akili yako, na umpelekee binamu aliye Toronto.

1. Kubali kwamba unataka sifa

Tusifichane. Hukupanda bangi kwa sababu dukani imekwisha. Imejaa dukani, tena imepimwa na kuandikwa nguvu yake kwenye kifungashio. Umepanda ili siku moja ufungue chupa mbele ya shemeji yako, anuse, anyamaze kidogo, halafu aulize, "Hii umeitoa wapi?"

Hamu hiyo haina ubaya wowote. Ndiyo iliyokuamsha alfajiri kumwagilia Julai nzima. Lakini ndiyo hiyo hiyo inayokufanya uwe mteja rahisi wa kila mwenye mbinu, kwa sababu wiki za mwisho mikono inakuwasha na mmea hauna la kukuomba. Ikiri hamu yako mapema. Anayejua kwamba anatafuta sifa hujua pia inakotoka: puani, machoni na kooni mwa mgeni. Mgeni haoni vituko ulivyoufanyia mmea.

2. Jifunze jambo moja, likuepushe na kazi tano

THC, ile kemikali inayolevya, na yale manukato unayojivunia, hutengenezwa ndani ya vinyweleo vya utomvu vilivyo juu ya ua lenyewe na majani madogo yanayolizunguka. Ni vitezi vidogo sana, kila kimoja kina kishina na kichwa cha duara kinachong'aa. Kazi yote inafanyika humo kichwani. Mizizi haitengenezi THC ya kutajwa. Shina ni njia ya maji, madini na sukari tu. Hakuna ghala chini ya ardhi linalosubiri amri yako lipandishe mzigo.

Na aina ya kemikali atakayotoa kiumbe huyu iliamuliwa na mbegu. Mmea ambao jeni zake zinaelekea kutengeneza CBD, ndugu ya THC asiyelevya, hautageuka kuwa wa THC kwa sababu umeutisha Oktoba. Baada ya mbegu huja mwanga uliopata kiangazi kizima, kisha afya ya mizizi, kisha ukomavu siku ya kukatwa. Hayo yakishapita, mkono wako una nafasi ndogo mno ya kuongeza, na nafasi kubwa ya kuharibu.

Likariri hilo. Litakusaidia kukataa kwa heshima karibu kila ushauri utakaoletewa.

3. Usichemshe mizizi, na uache kuhesabu matone

Wapo wanaong'oa mmea mzima, wanatumbukiza mizizi katika maji yanayochemka, wakisema utomvu utakimbilia juu. Wapo pia wanaoning'iniza matawi kichwa chini wakiamini kwamba uzito utateremsha nguvu kutoka kwenye shina hadi kwenye ua. Umeshajua jibu: hakuna cha kukimbia wala cha kuteremka.

Kuning'iniza kichwa chini endelea nako, kwa sababu tawi lina kulabu za asili na kamba ni rahisi kuliko chekeche. Hiyo inatosha kuwa sababu. Sufuria irudishe jikoni.

4. Msumari ubaki sandukuni

Mbinu hii utaitambua hata kama hujawahi kuuona mche wa bangi. Kwetu wapo wanaougongomea mpapai dume msumari ili uzae. Huku wanalipasua shina la bangi karibu na ardhi, wanapitisha msumari au kijiti, na kuuacha mmea hivyo siku kadhaa. Hoja yao ni kwamba kiumbe anayehisi kufa hujilinda kwa kutoa utomvu mwingi.

Hoja inasikika vizuri, na ndiyo maana imeishi muda mrefu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio la kuitesa katani, yaani bangi ya THC kidogo, yenye CBD nyingi, kwa njia tano: waliigharikisha kwa maji, waliipa homoni ya kuivisha, waliiambukiza ukungu wa unga, waliipulizia dawa ya magugu na waliijeruhi kwa mikono. Uwiano wa CBD na THC ukabaki palepale ulipowekwa na jeni, na mimea iliyopuliziwa dawa ya magugu ilitoka na kemikali hizo kidogo kuliko mingine. Mtoto aliyesoma mwaka mzima haongezi maksi kwa kupigwa kofi mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Lipo jambo lingine linalonifanya niuchukie msumari huu: kidonda ni mlango. Katika vuli ya Ontario, mvua ikinyesha siku mbili na jua likawa hafifu, vimelea vya ukungu vinatafuta mlango tu. Usivifungulie.

5. Giza liachie usiku

Siku mbili au tatu za giza totoro kabla ya kukata: hii ndiyo mbinu inayopendwa na wenye taa za ndani, kwa kuwa haigharimu kitu na inaonekana ya kitaalamu. Wanasema mwanga huichakaza THC, kwa hiyo giza litaihifadhi.

Ni kweli mwanga na hewa huichakaza THC, hasa ikishavunwa na kuachwa dirishani miezi. Lakini mmea ulio hai unapata nishati yake kutoka kwenye mwanga huohuo. Ukiuzimia, unaanza kula akiba yake ya sukari. Umeufungia pia chumba, unyevu umepanda, na maua manene yameloa kwa ndani. Kuvu aina ya Botrytis, ule ukungu wa kijivu unaoozesha zabibu na stroberi, hauombi mazingira mazuri zaidi ya hayo.

Ukitaka ladha ya mbinu hii bila hatari yake, kata asubuhi na mapema, umande ukishakauka na jua kabla halijawa kali. Manukato huvukizwa na joto, na asubuhi kuna ubaridi. Itakubidi uamke mapema siku moja. Siku nyingine zote, lala.

6. Barafu kwa ajili ya kinywaji

Barafu juu ya udongo inaaminika kuleta mambo mawili: nguvu na rangi ya zambarau. Kuhusu nguvu, mizizi iliyopoa hunywa maji polepole, basi. Kuhusu rangi, baridi inaweza kweli kuichochea, lakini kwa mmea ambao mbegu yake inabeba uwezo wa kutengeneza zile rangi zilizomo pia katika kabichi nyekundu. Mmea usio na uwezo huo utapata baridi tu.

Na rangi hiyo haiongezi THC. Ila nakujua: zambarau inapendeza pichani, na shemeji ana macho. Basi ifanye kwa njia ya uvivu. Mwakani nunua mbegu inayojulikana kugeuka zambarau, ipande, na uuachie usiku wa Oktoba umalize kazi. Nyuzi chache juu ya jalidi zinatosha. Jalidi yenyewe ikitangazwa, vuna kabla haijafika.

7. Molasi ipeleke kwenye uji

Mimina molasi kwenye mizizi, wanasema, ua litakuwa tamu. Mizizi haibebi utamu hadi kwenye ua. Sukari yake mmea hujitengenezea wenyewe majanini kwa mwanga. Molasi huwalisha bakteria wa udongoni, na ina potasiamu na madini mengine kidogo. Ukiwa na udongo hai uliotunzwa tangu Mei, haina madhara. Ladha ya ua, hata hivyo, haitoki huko.

Inatoka kwenye mafuta mepesi yanayovukizwa, na baadhi yake tayari unayafahamu kwa pua tangu utotoni. Limonini ndiyo harufu ya ganda la limau na chungwa. Linaloli imo katika mbegu za giligilani. Kariofilini imo katika pilipili manga na katika karafuu, ileile inayoanikwa majamvini Pemba. Mbegu moja hurithi mchanganyiko huu, nyingine ule. Mtu akikuambia bangi yake inanukia karafuu kwa sababu aliimwagilia kitu fulani, mshukuru, kisha muulize alinunua mbegu gani.

8. Kusuuza: hapa kaa kidogo, ndipo penye pesa

Mbinu zote nilizotaja ni za mtaani. Hii ina duka lake. Kusuuza ni kuacha mbolea kabisa siku 7 hadi 14 kabla ya kuvuna na kumwaga maji matupu mengi, ili "kuondoa chumvi" kwenye ua. Kuna hata chupa za dawa ya kusuuzia, zenye bei ya kukufanya uheshimu kilichomo.

Fikiri mmea unavyofanya kazi. Nitrojeni, fosforasi na potasiamu zikishaingia, zimejengwa ndani ya seli au zimeyeyuka ndani yake. Maji unayomwaga yanapita udongoni. Hayaingii kwenye ua, yakakusanya chumvi, yakatoka nayo kwa mlango wa nyuma. Kinachotokea ni kwamba mmea ukikosa nitrojeni udongoni unaihamisha kutoka majani ya zamani, majani yanakuwa njano, na wewe unafurahi kwa sababu unaona kitu kimetokea. Umeona njaa ya mmea.

Mwaka 2019 kampuni ya RX Green Technologies ya Colorado, Marekani, ilijaribu jambo hili. Aina moja ya bangi iligawanywa makundi manne: isiyosuuzwa kabisa, iliyosuuzwa siku 7, siku 10 na siku 14. Uzito wa mavuno, THC na manukato havikutofautiana kwa maana. Kisha maua yakatolewa kwa watu wa biashara hiyo wayaonje bila kujua lipi ni lipi. Hawakuweza kulitenga lililosuuzwa kuwa bora, na waliegemea kidogo upande wa lile la siku 0. Kampuni hiyo yenyewe huuza mbolea, kwa hiyo ina faida ukiendelea kulisha hadi siku ya mwisho. Lipime ukijua hilo. Lakini matokeo yake yanalingana na biolojia ya mmea, na biolojia haina duka.

Sasa sikiliza ushauri wa mvivu. Chupa ya kusuuzia usiinunue. Mbolea nayo ipunguze wiki za mwisho, kwa sababu mmea unaokaribia kukomaa hauhitaji nyingi na pesa ni yako. Yaani mpe maji ya kawaida udongo ukikauka, na uishie hapo. Mgeni akiuliza, "Ulisuuza?" sema, "Wiki mbili nzima nilimpa maji." Umesema kweli, naye ameridhika.

Moshi unaokwangua koo una sababu nyingine, na nyingi ziko baada ya mkasi: maua yaliyokaushwa haraka juu ya hita, au yaliyofungiwa chupani yakiwa bado na unyevu. Maua mabichi huungua vibaya na kuacha jivu jeusi, na mwenye nayo humlaumu Mungu, mbolea na jirani.

9. Mbinu mbili zenye hoja, ili wasikuambie umepuuza sayansi

Ya kwanza ni ukame. Chuo Kikuu cha Guelph, hukohuko Ontario, kilichapisha mwaka 2019 jaribio ambamo mimea katika wiki ya 7 ya kutoa maua iliachwa bila maji mpaka ikanyauka kwa kiwango kilichopimwa. Ilichukua siku 11. Kiasi cha THCA, ambayo ndiyo huwa THC ikipata moto, kilipanda kwa 12% ndani ya ua. Ni matokeo halisi na nayaheshimu.

Ila tazama walivyofanya: aina moja ya mmea, chumba kinachodhibitiwa, vyungu vya ukubwa ule ule, na vipimo vya mnyauko kila siku. Wewe una mche uani, mvua ya Kanada isiyokuuliza, na Jumamosi ambayo huenda ukaenda harusini. Ukikosea kwa siku mbili, majani yamekauka na maua yamesimama kukua. Mvivu mwenye busara anaichukua nusu ya mbinu hii: anaacha kumwagilia kwa hofu. Subiri chungu kiwe chepesi mkononi, ndipo umwagilie.

Ya pili ni mionzi ya urujuanimno. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba mimea iliyopata mionzi zaidi ya aina ya UV-B ilikuwa na THC zaidi. Taa zikauzwa kwa hoja hiyo miaka mingi. Mwaka 2021 wale wa Guelph wakairudia kwa bangi ya kisasa, ambayo ina nguvu kupita ile ya zamani: majani yaliumia, na hawakupata ongezeko la THC wala la mavuno. Taa hiyo huumiza pia macho na ngozi ya anayesimama chini yake. Pesa hiyo kanunue lenzi.

10. Hapa uvivu unasimama: lenzi

Hii ndiyo kazi pekee ya wiki hizi mbili inayobadilisha ubora, na karibu kila mtu huikosea kwa pupa. Nunua kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara 30 hadi 60. Ni rahisi kuliko chupa yoyote ya mbinu.

Tazama vichwa vya vile vinyweleo, juu ya ua lenyewe. Usitazame vile vya jani kubwa, vinakomaa mapema na vitakudanganya. Vikiwa angavu kama kioo, mmea bado unafanya kazi. Kaa mbali na mkasi. Vikiwa vimegeuka weupe wa maziwa, nguvu iko kileleni. Vikianza kuwa rangi ya kaharabu, THC imeanza kuchakaa. Wengi hukata vingi vikiwa vya maziwa na vichache vya kaharabu. Nami nafanya hivyohivyo.

Usihukumu kwa nywele za ua kubadilika rangi. Hubadilika kwa upepo, kwa mvua, hata kwa kuguswa. Waliovuna mapema kwa kuziamini ndio hao wanaotafuta msumari mwaka unaofuata.

Ukiwa hapo, fanya jambo moja zaidi: fungua maua manene kwa vidole, utafute sehemu ya kijivu au kahawia iliyolainika. Ukiiona, kata tawi hilo pamoja na sehemu nzima inayolizunguka, ulitupe. Usilikaushe "uone itakuwaje". Kuvuta ukungu si jambo la mzaha, hasa kwa mgonjwa mwenye kinga dhaifu.

11. Usipulize kitu chochote juu ya ua

Hapa nakuomba, na sina utani. Wiki za mwisho, usipulize dawa, mafuta ya mwarobaini, manukato, wala "kiongeza harufu" chochote juu ya kitu ambacho mtu atakichoma na kukivuta. Kanada inalikumbuka hili. Kati ya mwisho wa 2016 na mwanzo wa 2017 bangi ya matibabu ya wazalishaji wenye leseni ilirudishwa kutoka kwa wagonjwa baada ya kukutwa na miklobutanili, dawa ya ukungu inayotumiwa kwenye mizabibu. Ikichomwa, dawa hiyo hutoa sianidi ya hidrojeni. Kama wadudu wamekuzidi wiki ya mwisho, vuna mapema ukubali hasara. Mgeni wako ana mapafu mawili tu.

12. Nguvu zako zote zilete huku: kukausha

Sasa amka. Uvivu wote niliokuhifadhia ulikuwa kwa ajili ya siku hizi, kwa kuwa hapa ndipo mkono wa mtu unapoonekana.

Chumba kiwe na giza, nyuzi joto 15 hadi 20, unyevu wa hewa 55 hadi 60%. Feni iwe inazungusha hewa ya chumba, isiyapige maua usoni. Ning'iniza matawi yasigusane. Yape siku 10 hadi 14. Dalili ya kuiva ni kitawi chembamba kuvunjika kwa mlio badala ya kupinda. Kipimo cha unyevu kinauzwa kwa bei ndogo, kiweke hapo.

Usiharakishe kwa joto. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Mississippi uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba maua yaliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa wiki moja katika joto la kawaida la chumba yalikuwa yamepoteza karibu theluthi ya mafuta yake ya harufu, na baada ya miezi mitatu zaidi ya nusu. Hayo ndiyo yale manukato ambayo watu walitaka kuyaongeza kwa molasi. Hakuna mbinu ya kabla ya kuvuna inayoweza kukupa theluthi moja. Hita moja chini ya matawi inaweza kukunyang'anya zaidi ya hiyo kwa usiku mmoja.

Kisha chupa za kioo zenye mdomo mpana. Jaza robo tatu. Wiki mbili za kwanza zifungue kila siku dakika chache, unuse. Ukipata harufu ya majani mabichi au ya amonia, toa maua yarudi hewani upesi. Unyevu ndani ya chupa ukae kati ya 58 na 62%. Ganda la chungwa usitie, hata akikushauri mtu unayempenda: linaleta unyevu, na unyevu unaleta ukungu. Weka chupa kabatini, kwenye giza na ubaridi.

13. Sasa danganya kwa adabu

Umefika kwa shemeji. Hizi ndizo njia za mkato zinazofanya kazi, na hakuna aliyeumia.

Mpe maua ya juu. Yamepata jua zaidi, ni manene na yana utomvu mwingi. Yale mepesi ya matawi ya chini ni yako ya kupikia. Yapunguze majani kwa mkasi mkali siku ileile. Usiyasage mapema: saga mbele yake, kwa sababu harufu hutoka kwa nguvu ua linapovunjwa, na dakika hiyo ndiyo yako. Tumia chupa safi ya kioo, uifungue wewe mwenyewe, kisha umpe yeye anuse kwanza. Mwambie jina la mbegu tu. Usimtajie asilimia ya THC ambayo hukuipima.

Akikuuliza siri, usimtajie kulala. Mwambie nilivyokufundisha: "Nilisubiri mpaka vinyweleo vikawa vya maziwa, nikakausha siku kumi na mbili gizani." Yote ni kweli. Atakuona fundi. Akishupalia kwamba lazima kulikuwa na msumari, tabasamu tu, umpe chai.

Usimuuzie hata gramu. Sheria ya Kanada imekuruhusu kupanda, haijakuruhusu kuuza. Kupeana watu wazima, hadi gramu 30 za maua makavu, imekubali. Chupa zifunge kwa kufuli mbali na watoto, na kama utapika nayo, bandika jina na tarehe juu ya kila chombo, maana mtoto hatofautishi keki na keki.

Pesa uliyookoa kwa kutonunua dawa ya kusuuzia, taa ya mionzi na molasi, iweke kwenye bahasha. Machi ikifika, nunua nayo mbegu bora kuliko za mwaka huu.